Blogu ya Biashara Inayoleta Wateja: Mwongozo kwa Wafanyabiashara wa Moshi na Arusha

Wahenga walisema chema chajiuza, kibaya chajitembeza, na katika soko la Mbuyuni mjini Moshi methali hiyo bado ina nguvu, kwa sababu mnunuzi anaushika mkungu wa ndizi kwa mikono yake, anauliza umetoka Kibosho au Marangu, kisha anaamua. Mnunuzi aliyeko Mwanza, Dar es Salaam au Ujerumani hana mkungu wa kushika. Anachokiona ni maandishi na picha kwenye kioo cha simu, na mara nyingi maandishi hayo ni ya mtu mwingine kabisa, kwa sababu mwenye kitu chema alikaa dukani akisubiri kijiuze.

Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya mfanyabiashara mdogo wa Moshi au Arusha, mwenye duka, karakana, nyumba ya wageni, shamba la kahawa linalopokea wageni au kampuni ya utalii yenye magari mawili, ambaye anataka blogu imletee wateja na si sifa tu. Blogu ya biashara, kwa maana inayotumika hapa, ni sehemu ya tovuti ambamo makala huwekwa moja baada ya nyingine, kila moja ikijibu jambo ambalo mteja anataka kulijua kabla hajatoa fedha yake. Ili hatua zisielee hewani, nitatumia mfano wa duka moja la Moshi linalokodisha vifaa vya kupandia Mlima Kilimanjaro, ambalo nimelisaidia kuandika kwa misimu kadhaa, na pale inapobidi nitachepuka kwenda kwa muuza vifaa vya ujenzi na kwa mkaanga kahawa.

Hatua ya kwanza: kusanya maswali kabla hujaandika neno lolote

Nunua kaunta buku moja na uiweke mezani pamoja na kalamu iliyofungwa kwa uzi, maana kalamu isiyofungwa haimalizi wiki. Kwa siku 30 andika kila swali linaloulizwa na mteja, awe amesimama mbele yako, amepiga simu au ametuma ujumbe wa WhatsApp. Liandike kwa maneno yake mwenyewe, hata kama lugha yake si nyoofu, kwa kuwa maneno hayo ndiyo atakayoyaandika mtu mwingine mwenye shida ileile anapotafuta kwenye Google. Hakuna mteja anayeuliza habari za “vifaa vya kisasa vya kukabiliana na hali ya hewa ya mlimani”. Anachouliza ni kama koti moja linatosha Machame mwezi wa Novemba. Pembeni ya swali andika alikotoka aliyeuliza, lugha aliyoitumia, na kama alinunua au aliondoka baada ya kujibiwa.

Mali bila daftari hupotea bila habari, na maswali ya wateja ni mali. Nimewaona wenye biashara wakikesha kutafuta mada za kuandika, wakaishia kunakili urefu wa mlima na majina ya vilele vyake kutoka kwenye tovuti nyingine, ilhali mchana wa siku hiyo walikuwa wamejibu kwa mdomo maswali ambayo hakuna tovuti yoyote iliyoyajibu vizuri. Urefu wa mita 5,895 unajulikana na kila mtu. Lakini je, anayepanda kwa njia ya Marangu, anayelala kwenye vibanda vya Mandara, Horombo na Kibo vyenye magodoro, ana haja ya kukodi mkeka wa kulalia hemani? Swali hilo liliulizwa kaunta mara nyingi, jibu lake ni hapana, na makala iliyolijibu ililifanya duka lipoteze ukodishaji mdogo wa mikeka na kupata imani kubwa ya wateja.

Mwezi ukiisha, keti na wafanyakazi wote, hasa yule anayekaa kaunta, mpitie daftari ukurasa kwa ukurasa. Yapo maswali yanayojibiwa kwa mstari mmoja, kama vile mnafungua saa ngapi siku ya Jumapili, au vifaa vinaweza kurudishiwa Arusha badala ya Moshi. Hayo yawekwe kwenye ukurasa wa kudumu wa tovuti na si kwenye makala. Yapo yanayohitaji sababu, mfano na onyo, na hayo ndiyo makala zenyewe. Kisha yapo yasiyo yako. Mpandaji akiuliza atumie dawa gani kujikinga na maradhi ya mwinuko, mwenye duka la makoti hapaswi kuandika kipimo cha dawa hata kama amesikia waongozaji wakikitaja kwa miaka mingi. Inatosha kuandika sentensi moja inayomwelekeza kwa daktari wake kabla hajasafiri. Daftari letu la mwezi mmoja lilitosha kutupatia kazi ya mwaka mzima.

Hatua ya pili: amua unamwandikia nani, na kwa lugha ipi

Wengi huanza kwa kudhani kwamba blogu ya biashara lazima iwe ya Kiingereza, na kwa kampuni ya utalii ya Arusha inayouza safari za Serengeti na Ngorongoro kwa wageni wa ng'ambo dhana hiyo ina msingi. Kwa biashara nyingine nyingi haina. Muuza mabati na saruji wa Moshi ana mteja mmoja muhimu ambaye hapiti mbele ya duka lake mara kwa mara, naye ni Mchaga anayeishi na kufanya kazi Dar es Salaam lakini anajenga au anakarabati nyumba kijijini kwao Rombo au Machame. Mtu huyo anatafuta kwa Kiswahili, anatafuta usiku baada ya kazi, na anataka kujua bei, ubora na gharama ya kufikisha mzigo hadi kihambani, kwa kuwa hayupo kusimamia na ana wasiwasi na fundi wake.

Hata duka letu la vifaa vya mlima lilikuwa limemsahau mteja wake wa Kiswahili. Waongoza watalii na wapagazi nao hukodi makoti, viatu na mifuko ya kulalia, huja wakiwa kundi, na hurudi msimu baada ya msimu, tofauti na mgeni anayepanda mara moja maishani. Tulipowaandikia makala ya Kiswahili juu ya namna ya kukagua zipu na soli za viatu vya kukodi kabla ya kutoka dukani, makala hiyo ilisambazwa kwenye makundi yao ya WhatsApp bila sisi kumwomba mtu.

Ukiamua kutumia lugha mbili, zitenge. Makala moja iwe ya lugha moja tangu kichwa hadi mwisho, na usitafsiri kila makala kwenda lugha ya pili kwa mazoea, kwa sababu maswali ya mgeni wa Berlin si maswali ya mpagazi wa Kiboriloni.

Hatua ya tatu: jenga kwenye kiwanja chako

Ukurasa wa Instagram au Facebook ni kibanda kwenye kiwanja cha mtu. Kinafaa kwa kuuzia, lakini mwenye kiwanja akibadili masharti huna pa kulalamikia, na makala ya mwaka juzi haionekani tena. Kwa hiyo sajili kikoa, yaani jina la tovuti yako, ama la .co.tz kupitia wasajili walioidhinishwa, ama la .com, kisha uweke blogu kwenye mfumo unaojulikana. WordPress, uliotolewa mara ya kwanza mwaka 2003, ni wa bure kwa maana ya programu yenyewe, ingawa utalipia mahali pa kuhifadhi tovuti. Blogger ya Google haina gharama hiyo na inatosha kwa anayeanza. Sioni sababu ya mwenye duka kulipa fedha nyingi kutengenezewa mfumo mpya kabisa ambao fundi mmoja tu ndiye anayeujua.

Jambo la kusimamia kwa ukali ni umiliki. Kikoa kisajiliwe kwa jina la biashara yako na kwa baruapepe yako, hata kama anayefanya kazi hiyo ni mpwa wako. Ninamjua mama mmoja mwenye nyumba ya wageni ambaye kijana aliyemtengenezea tovuti alisajili kila kitu kwa jina lake mwenyewe, akahamia mkoa mwingine, akaacha kupokea simu. Muda wa kikoa ulipokwisha hakuna aliyejulishwa, na makala za miaka mitatu zilitoweka pamoja na jina ambalo wageni walikuwa wamelizoea. Andika nywila mahali salama, washa uthibitisho wa hatua mbili, weka tarehe ya kulipia kikoa kwenye kalenda ya ukutani, na kila mwezi hifadhi nakala ya tovuti nzima nje ya tovuti yenyewe.

Hatua ya nne: tazama sheria mapema

Tanzania ina Kanuni za Maudhui ya Mtandaoni chini ya Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA, ambazo zilitolewa mwaka 2018, zikaandikwa upya mwaka 2020 na kufanyiwa marekebisho baadaye. Anayechapisha habari na matukio ya nchi ana wajibu tofauti na anayeeleza bidhaa zake, kwa hiyo eleza kwa maandishi kile utakachoandika, wasiliana na TCRA kabla ya kuzindua blogu, na utunze majibu utakayopewa. Ushauri wangu ni kwamba blogu ya mabati ibaki kwenye mabati.

Kama utakusanya majina, namba za simu au baruapepe za wasomaji, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inakuhusu, pamoja na wajibu wa kujisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi. Picha ya mteja aliyevaa koti lako kileleni nayo isiwekwe bila ruhusa yake, na picha uliyoikuta mtandaoni ina mwenyewe. Kuhusu bei, kumbuka kwamba Machi 2025 zilitolewa kanuni zinazokataza kutangaza na kutoza bei za bidhaa na huduma za ndani kwa fedha za kigeni, isipokuwa katika mambo machache yaliyotajwa. Andika bei kwa shilingi.

Hatua ya tano: andika makala moja hadi iishe

Chukua swali moja, moja tu. Kichwa cha makala kiwe swali lenyewe au jibu lake, kwa maneno ya mteja. “Karibu katika duka letu bora la vifaa vya mlima” si kichwa cha makala, ni kibao cha barabarani. “Njia ya Machame mwezi wa Novemba: nguo zipi za mvua zinahitajika” ni kichwa, kwa kuwa anayekisoma anajua mara moja kama kinamhusu.

Jibu liwekwe mwanzoni. Tabia yetu ya kusalimiana kwa kirefu kabla ya kuingia kwenye shughuli ni nzuri sebuleni, lakini msomaji wa simu ambaye bando lake linakwenda hana subira hiyo. Makala ya Machame ilianza hivi: “Koti moja halitoshi. Novemba ni mwezi wa mvua za vuli, na siku ya kwanza ya njia ya Machame unapita ndani ya msitu wenye unyevu, kwa hiyo unahitaji koti na suruali visivyopitisha maji, na koti jingine zito lililobaki kavu kwa ajili ya usiku wa kileleni.” Baada ya hapo ndipo tulipoeleza sababu: kwamba mpandaji hulowa bondeni kwa mvua na kwa jasho, kwamba kambi ya Barafu, ambako wengi huanzia safari ya kileleni karibu na usiku wa manane, ipo juu ya mita 4,600, kwamba alfajiri joto hushuka chini ya sifuri, na kwamba koti lililolowa msituni halikauki vizuri kwenye hema lenye baridi. Msomaji aliyeelewa sababu hahitaji kushawishiwa kukodi koti la pili.

Kisha weka kitu ambacho wewe peke yako unakijua. Makala nyingi za mtandaoni, zikiwemo zinazotungwa na programu za akili mnemba, zinafanana kwa sababu zinasema yale ambayo yamekwisha kusemwa. Hazijui kwamba glavu zinazorudi dukani zikiwa zimechanika huchanika karibu zote kwenye kidole gumba, au kwamba wageni wengi husahau betri za akiba za taa ya kichwani. Tumia programu hizo kukagua tahajia ukipenda. Maarifa yatoke kaunta.

Kwa muuza vifaa vya ujenzi, maarifa hayo ni namna ya kumweleza mteja wa Dar es Salaam kwamba geji ya bati ikiwa na namba kubwa zaidi bati ni jembamba zaidi, hivyo bati la geji 30 ni jembamba kuliko la geji 28, jambo ambalo wateja wengi hulielewa kinyume na mafundi wasio waaminifu hulitumia. Aeleze jinsi ya kulitambua bati likishafika kijijini, nani wa kulipokea na picha gani za kuomba zitumwe kabla malipo ya mwisho hayajafanyika. Makala hiyo moja ina thamani kuliko makala ishirini za kusifu ubora wa kampuni.

Mkaanga kahawa ana kishawishi chake, nacho ni historia. Ni kweli kwamba wakulima wa Kilimanjaro walikuwa na chama chao tangu mwaka 1925 na kwamba KNCU, chama kikuu cha ushirika cha wakulima hao, ilianzishwa mwaka 1933, na kama kahawa unayoikaanga imenunuliwa kwenye chama cha msingi kilicho chini ya ushirika huo, historia hiyo ni sehemu ya bidhaa yako na uieleze. Kama umeinunua kwingine, iache. Mteja anayenunua pakiti ya kahawa anataka kujua ilivunwa lini, ilikaangwa lini, na kama sufuria ya kawaida inatosha kuiandaa.

Urefu wa makala upimwe kwa swali. Swali la bati linaweza kuhitaji maneno 1,200, la mkeka wa Marangu linamalizika kwa 400. Gawa makala kwa vichwa vidogo, andika aya fupi kuliko hizi zangu, na mwishoni mweleze msomaji hatua moja ya kuchukua, kwa mfano kutuma tarehe ya safari na namba ya kiatu kwa WhatsApp. Hatua moja tu. Ukimpa tano hatachukua hata moja.

Kabla hujaichapisha, mpe mtu wa kaunta aisome kwa sauti. Atakaposita, sentensi hiyo irekebishwe. Atakaposema “lakini sisi hatufanyi hivyo”, usichapishe hadi ama makala ama duka vibadilike. Hili la pili hutokea zaidi ya unavyodhani, na ni faida ya blogu ambayo hakuna aliyeniambia mapema.

Hatua ya sita: picha na uzito wa ukurasa

Piga picha zako mwenyewe kwa simu, karibu na mlango, asubuhi kabla jua halijawa kali. Picha moja ya kiatu chenye soli iliyokwisha ikiwa kando ya kiatu kizima inafundisha kuliko picha kumi za mlima. Tatizo ni kwamba picha ya simu huweza kuwa na megabaiti 4 au zaidi, na ukurasa wenye picha sita za namna hiyo hautafunguka kwa mtu aliye ndani ya basi. Punguza kila picha hadi iwe chini ya kilobaiti 200 kabla ya kuipakia. Zipo programu za bure za kufanya hivyo. Ipe faili jina linaloeleweka na uiandikie maelezo mafupi, yatakayosaidia injini za utafutaji na wasomaji wasioona. Kisha ufungue ukurasa kwa simu ya bei nafuu, ukitumia bando na si intaneti ya ofisini, uone unachukua muda gani.

Hatua ya saba: fuata kalenda ya mahali, si ya mtandaoni

Hapa ndipo blogu nyingi za Kaskazini zinapokosea. Makala huchapishwa wakati biashara imechangamka, yaani wakati mteja amekwisha kuamua. Tovuti mpya huchukua wiki nyingi, pengine miezi, kabla injini za utafutaji hazijaanza kuionyesha vizuri, na mteja naye hupanga mapema. Kwa hiyo makala lazima itangulie msimu kwa muda wa kutosha.

Kwenye mlima, misimu ya wapandaji wengi ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi, na Juni hadi Oktoba. Mgeni wa Julai huanza kusoma miezi mingi kabla, hivyo makala zake ziwe hewani ifikapo Januari. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, ambapo duka huwa kimya na wafanyakazi hupiga soga, ndio wakati wa kuandika kwa wingi na kuweka akiba. Mwenye nyumba ya wageni anayetaka wakimbiaji wa Kilimanjaro Marathon, ambayo hufanyika Moshi mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, asisubiri Februari. Makala ya mahali pa kulala, muda wa kifungua kinywa siku ya mbio na umbali hadi eneo la kuanzia iandikwe Oktoba. Muuza mbegu au pampu wa Arusha anayeshiriki maonyesho ya Nane Nane kwenye viwanja vya Themi aandike Juni.

Desemba ni somo lake peke yake. Wachaga waliotawanyika nchini hurudi nyumbani kwa Krismasi, barabara ya kutoka Dar es Salaam hujaa, na kila anayerudi anataka akute nyumba imepakwa rangi, choo kimekamilika na sebule ina viti. Maamuzi hayo hayafanyiki Desemba. Hufanyika Agosti, Septemba na Oktoba, kwa simu, kati ya mtu aliyeko mjini na fundi aliyeko kijijini, na hapo ndipo makala ya muuza rangi, ya fundi samani wa Arusha au ya msafirishaji inapotakiwa kumkuta. Ukitoa makala ya bei za rangi tarehe 15 Desemba umeandika kumbukumbu.

Kuhusu wingi, makala mbili kwa mwezi zinatosha biashara ndogo. Mtu akiniambia ataandika kila siku, ninajua kwamba baada ya wiki tatu atakuwa ameacha, na blogu yenye makala ya mwisho ya mwaka juzi humfanya mteja ajiulize kama duka bado lipo. Tenga asubuhi moja ya wiki yenye wateja wachache, kwetu ilikuwa Jumanne, na mtu mmoja awe na jukumu hilo kwenye mgawanyo wa kazi kama vile kuna mwenye jukumu la funguo.

Hatua ya nane: ifikishe makala kwa watu, kisha uhesabu

Msambazaji wako wa kwanza ni wewe mwenyewe kwenye WhatsApp. Mteja akiuliza swali lililokwisha kujibiwa, mjibu kwanza kwa sentensi moja ya heshima, kisha mtumie kiungo. Kumtumia kiungo kikavu mtu aliyekusalimia vizuri ni ukosefu wa adabu, na atakwenda kwa jirani. Weka kiungo hicho pia kwenye wasifu wa biashara yako katika ramani ya Google, na uchapishe anwani ya tovuti kwenye risiti.

Isajili tovuti kwenye Google Search Console, huduma ya bure inayokuonyesha maneno ambayo watu waliyaandika wakaiona tovuti yako, na mara ngapi walibofya. Orodha hiyo ni kaunta buku ya pili. Ukikuta watu wanaiona makala yako kwa swali ambalo hukulijibu, umepata makala nyingine. Idadi ya wasomaji peke yake isikulevye: makala ya duka letu iliyosomwa zaidi ilikuwa ile ya marufuku ya mifuko ya plastiki, ambayo Tanzania iliianza Juni 1, 2019 na ambayo inawahusu wageni pia, lakini karibu hakuna aliyekodi kitu kwa sababu yake. Makala ya soli za viatu ilisomwa na wachache na ilijaza vitabu vya ukodishaji.

Njia tuliyoiamini kuliko zote ni kumuuliza kila mteja mpya, “Umetufahamu vipi?” na kuandika jibu kwenye daftari lilelile.

Hatua ya tisa: rudi kwenye makala za zamani

Kila Julai, mwaka mpya wa fedha wa serikali unapoanza na tozo na ada nyingi kubadilika, pitia makala zote zenye bei, ada au masharti. Rekebisha tarakimu, na juu ya makala andika tarehe ya marekebisho kwa maneno yanayoonekana. Makala mbili zinazojibu swali moja ziunganishe ziwe moja, na anwani ya ile iliyofutwa ielekezwe kwenye iliyobaki, ili aliyehifadhi kiungo cha zamani asifike kwenye ukurasa mtupu. Mteja akija kaunta akishika simu yenye bei ya mwaka jana kutoka kwenye blogu yako mwenyewe, mpe kwa bei hiyo, bila kubishana, kisha Jumanne inayofuata ianze na makala hiyo.